Archimedes na Taji la Mfalme
Archimedes alizaliwa yapata mwaka 287 kabla ya Kristo, mjini Syracuse katika kisiwa cha Sicily. Yasimuliwa kwamba mfalme Hiero alimpa sonara dhahabu afanye taji. Taji likaletwa, uzito wake sawasawa, lakini mfalme akashuku kwamba limetiwa fedha. Kulivunja hakukuwezekana, maana lilikuwa wakfu kwa miungu. Archimedes alipoingia birikani kuoga akaona maji yanafurika, papo hapo akatambua njia. Ratili ya fedha huchukua nafasi karibu mara mbili ya ratili ya dhahabu! Basi akatumbukiza dhahabu safi katika chombo kilichojaa maji, kisha taji. Taji likamwaga maji mengi zaidi; hila ya sonara ikafichuka. Warumi walipouteka mji, mwaka 212 kabla ya Kristo, askari alimwua Archimedes, na jemadari wao akasikitika.