John Akii-Bua: Mkimbiaji Aliyekuwa Mkimbizi



Mara hii tunawaletea maisha ya marehemu John Akii-Bua wa Uganda. Vijana wetu wanaocheza mpira kila jioni wanamjua kwa jina tu, kama wanamjua. Lakini wale waliovuka Busia mwaka 2008, wakakaa Mulanda kule Tororo kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo, wana sababu ya kumkumbuka. Naye alivuka mpaka huo wa Uganda na Kenya akiwa na familia yake, ila sisi tulikuwa tunatoka Kenya na yeye alikuwa anaingia.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, Lango. Baba yake alikuwa na wake wengi, na watoto wa nyumba hiyo walipita 40. Akajiunga na polisi, na huko ndiko mbio zake zilikokua. Alianza na mbio fupi za viunzi, kisha akahamia mita 400, chini ya mwalimu Mwingereza, Malcolm Arnold. Mwaka 1970 alikuwa wa nne katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alifanya mazoezi magumu, akiruka viunzi huku amevaa fulana yenye uzito.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, Ujerumani, alifika fainali ya Olimpiki. Akapewa mstari wa kwanza, ule wa ndani kabisa. Aliyewahi kukimbia uwanjani anajua ubaya wake: kona ni kali, na kwa viunzi 10 inabidi uruke huku mwili unavutwa nje. David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968, alikuwemo, na Ralph Mann wa Marekani pia. Akii-Bua akawapita wote, akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Baada ya mwisho hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi ambavyo havikuwepo, na watu wakamshangilia. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki, na nchi ikangoja miaka 40 kupata ya pili, ya Stephen Kiprotich, mwaka 2012.

Nyumbani alipokelewa kwa shangwe. Idi Amin alimpandisha cheo, na barabara ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini heshima hiyo ilikuwa na mtego. Walango wengi waliuawa katika miaka hiyo, na serikali ikawa inamtaja yeye kuonyesha kwamba Walango wanaishi vizuri. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Uganda ilikuwa mojawapo. Edwin Moses wa Marekani akashinda, na akavunja rekodi ya Akii-Bua bila wao kukutana.

Wachezaji wakubwa huagwa. Kule Marekani, tarehe 4 Julai 1939, watu zaidi ya 60,000 walijaa uwanjani kumuaga Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli wa New York Yankees, aliyekuwa anaugua ugonjwa wa kudhoofisha misuli. Alisimama mbele yao akawashukuru. Mwaka 1941 akafariki.

Akii-Bua hakupata siku kama hiyo alipoondoka. Mwaka 1979 Amin alipokuwa anaangushwa, aliogopa kuhesabiwa kuwa mtu wake, akaikimbiza familia yake Kenya. Mtu anayekimbia haagi. Nadhani wengi wetu tunalijua hilo. Mimi mwenyewe niliondoka usiku, hata jirani tuliyechota naye maji sikumuaga. Na kule Kenya medali haikumsaidia. Aliwekwa kambini kama mkimbizi mwingine yeyote, mpaka kampuni ya viatu ya Puma ilipomtoa na kumpeleka Ujerumani, ikampa kazi. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda tena katika Olimpiki ya Moscow, lakini hakufika fainali. Miaka yake ilikuwa imepita.

Baada ya miaka michache Ujerumani, angeweza kubaki. Alirudi Uganda, akafundisha wanariadha vijana. Magazeti ya dunia hayakumtafuta sana tena. Mke wake alitangulia kufariki, na yeye akamfuata tarehe 20 Juni 1997, mjini Kampala, akiwa na miaka 47.

Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa. Ndipo watu wa Uganda walipopata nafasi ya kumuaga, ingawa yeye hakuweza tena kuwapungia mkono. Aliacha watoto 11. Ukivuka Karuma, ukakata kulia kwenda Lira, utakuta uwanja wa michezo wenye jina lake.