Alfred Büchi: mtu aliyeupa moshi kazi

Ukisimama Kosele, kaunti ya Homa Bay, lori lenye mzigo likipita utasikia mluzi mwembamba ndani ya ngurumo yake. Huo ni mluzi wa turbo. Ni huo huo unaotoka kwenye Subaru ambazo vijana wetu wanazifungua na kuzifunga upya gerejini hapa Mombasa. Wengi wanaijua turbo, aliyeianzisha hawamjui.

Alfred Büchi alizaliwa Winterthur, Uswisi, mwaka 1879. Baba yake alikuwa mkubwa katika kampuni ya Sulzer, waundaji wa injini wa mji huo. Kijana akasomea uhandisi Zurich, akamaliza mwaka 1903, kisha akafanya kazi Ubelgiji na Uingereza. Jambo moja lilimkera: joto jingi la mafuta yaliyonunuliwa kwa pesa lilikuwa likipotea bure kwenye ekzosi.

Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 26, alisajili wazo lake. Moshi unaotoka uzungushe gurudumu la mapanga, nalo liendeshe jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yataungua, na injini ya ukubwa ule ule itatoa nguvu zaidi.

Wazo lilikuwa sawa, lakini kulitekeleza kulikuwa shida. Majaribio aliyofanya Sulzer kuanzia mwaka 1911 hayakuleta faida aliyotarajia. Hakuacha. Mwaka 1925 akapata ufumbuzi: aligawa mabomba ya moshi ili silinda moja isiisumbue nyingine, na akapanga vali ili hewa safi ipite, ifagie moshi uliobaki na kuipoza silinda. Katika meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, injini zilipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500.

Büchi alifariki mwaka 1959. Hakuiona Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962, moja ya magari madogo ya kwanza kuuzwa na turbo. Hata hapo joto lilikuwa bado adui: gari lilihitaji maji maalumu ya kuzuia mafuta yasilipuke kabla ya wakati, na wenye magari wakasahau kuyajaza. Wala hakuona mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda Safari Rally katika vumbi letu kwa Toyota Celica ya turbo.

Maisha haya yana funzo kwa kijana anayetaka gari la kumpeleka kazini Jumatatu na uwanja wa mbio Jumapili. Kuongeza presha ni kazi ya dakika chache. Ndiyo sababu wengi huanza nayo, pistoni ikatoboka, gasketi ikaungua, na akiba ya mwaka mzima ikaishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Anza alikomalizia Büchi. Hakikisha oili inafika kwenye turbo, hewa inapozwa kabla ya kuingia, sindano zinatoa mafuta ya kutosha, na kompyuta ya injini imepangwa na fundi anayepima, si anayekisia. Presha iwe ya mwisho. Mwenye wazo lenyewe alihitaji miaka 20. Wewe usione uzito kusubiri miezi miwili.