Baker na Ngoma ya Miti

Sisi tuliokaa kambini Kasulu tunajua taabu ya kuni. Mwanzoni tuliziokota karibu na mahema. Mwishowe akina mama walitoka alfajiri na kurudi jioni. Leo tumerudi nyumbani, tunajenga, na gunia la makaa linalisha familia nyingi za hapa mpakani. Nisiwalaumu, hata mimi nimeyauza. Lakini napenda mjue habari za Mwingereza mmoja, Richard St. Barbe Baker, maana chama chake kilizaliwa kwa jirani zetu Kenya.

Alizaliwa mwaka 1889. Alikwenda Canada, akapigana Vita Kuu ya Kwanza, kisha akasomea misitu Cambridge. Mwaka 1920 alifika Kenya kama afisa wa misitu. Aliwakuta Wakikuyu wamebanwa. Zamani walifyeka msitu, wakalima, wakahama na kuuacha uote tena. Sasa walowezi walikuwa wamechukua ardhi, na pa kuhamia hapakuwepo. Miti ilikuwa inakwisha, na serikali haikumpa Baker fedha za kuirudisha.

Akaenda kwa wazee. Wakamweleza kwamba kupanda miti ni shauri la Mungu. Hapo ndipo ninapomsifu: hakuleta askari wala faini. Aliona wana ngoma ya kupanda mbegu na ngoma ya mavuno, akapendekeza iwepo ngoma ya miti. Chifu Josiah Njonjo akamuunga mkono. Tarehe 22 Julai 1922, huko Muguga, walikusanyika vijana wapatao 3,000 wakiwa wamejipamba, wakachaguliwa 50 wa kwanza. Kila mmoja aliahidi kupanda miti kumi kwa mwaka na kuitunza miti popote aionapo. Wakaitwa Watu wa Miti, na wote walikuwa wa kujitolea.

Hiyo ahadi ya kutunza ndiyo nzito. Kupanda ni kazi ya siku moja, watu wanapiga makofi na kwenda zao; kumzuia mbuzi asile mche ni kazi ya miaka. Tena walikuza miti ya asili, mitarakwa na mizeituni ya porini, inayokua polepole sana. Aliyeipanda alijua mbao zake ataziona mjukuu.

Wakati mmoja Baker alimkinga Mwafrika asipigwe na afisa wa serikali, na pigo likamwangukia yeye. Baadaye alifanya kazi Nigeria. Chama alikifikisha Uingereza mwaka 1924, kikaenea nchi nyingi. Mwaka 1952 hadi 1953 alisafiri kuvuka Sahara akitafuta njia ya kuzuia jangwa lisisonge.

Alifariki tarehe 9 Juni 1982 mjini Saskatoon, Canada, siku chache baada ya kupanda mti wake wa mwisho. Mji huo una msitu wenye jina lake, na wenyeji hujitolea kuingia humo kuzoa takataka zinazotupwa na wapita njia.