HOBEY BAKER, SHUJAA WA BARAFUNI

Wengi wetu tukisikia neno hoki tunafikiria nyasi, gongo lililopinda na vumbi la Jumamosi alasiri. Wenzetu wa nchi za baridi wana hoki nyingine. Maji ya ziwa yakishaganda yakawa magumu kama sakafu, vijana huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini yake, wakateleza kasi kama baiskeli inayoshuka mlima, huku wakigombania kisahani kigumu cheusi kwa magongo yao marefu. Anayeanguka huamka mwenyewe.

Katika mchezo huo alitokea kijana mmoja Mmarekani, Hobart Amory Hare Baker, ambaye watu wote walimwita Hobey. Alizaliwa tarehe 15 Januari 1892 karibu na mji wa Philadelphia, jimbo la Pennsylvania. Kwao hawakuwa maskini. Baba yake alikuwa mtu wa biashara, na zamani zake aliwahi kuichezea timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Princeton. Hobey alipofika umri wa miaka 11, yeye na ndugu yake Thornton walipelekwa shule ya bweni iliyoitwa St. Paul's, huko Concord, New Hampshire. Huko baridi haina mchezo, na mabwawa ya shule huganda kila mwaka. Inasimuliwa kwamba Hobey alikuwa akitoka usiku, kiza totoro, akafanya mazoezi peke yake bwawani. Kwa kuwa hakukiona kile kisahani, ilimbidi akisikilize kwa gongo tu. Ndiyo maana baadaye alipokuwa akikimbia nacho hakuhitaji kutazama chini, macho yake yalikuwa kwa wapinzani.

Hapa sasa pana jambo ambalo mwanafunzi yeyote aliyewahi kurudishwa nyumbani kufuata karo atalielewa upesi. Mwaka wa 1907 mabenki ya Marekani yalitikisika, watu wengi wakapoteza mali, na mzee Baker alikuwa mmoja wao. Pesa zilizobaki zingeweza kumsomesha mtoto mmoja tu chuo kikuu. Basi Thornton akakubali kubaki, Hobey aende. Vitabu vingi huandika habari hii kwa mstari mmoja na kuendelea na mabao. Mimi naona kwamba bila Thornton hakuna hadithi ya kusimulia.

Hobey aliingia Princeton mwaka wa 1910. Chuo hakikumruhusu mwanafunzi kuchezea timu kuu za michezo zaidi ya miwili, kwa hivyo akaiacha besiboli na kubaki na kandanda ya Kimarekani na hoki. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza nao hawakuruhusiwa katika timu kuu, ikambidi asubiri. Na aliposubiri, kumbe alikuwa kama maji yaliyozibwa!

Msimu wa 1911 kuingia 1912 ndio ulioanza kumpa jina. Hebu kwanza tuelewe mchezo wa siku zile. Kila upande ulikuwa na wachezaji saba, si sita kama siku hizi. Yule wa saba hakuwa na mahali maalum, alizunguka uwanja mzima, akishambulia na kulinda kama alivyoona yeye. Hiyo ndiyo nafasi ya Hobey. Tena haikuruhusiwa kumpasia mwenzako aliye mbele yako. Sasa kama huwezi kupasi mbele, utafikaje langoni? Ni lazima mtu akichukue kile kisahani nyuma, akipitishe katikati ya wapinzani mwenyewe. Hobey alikuwa akizunguka nyuma ya lango lake mara moja au mbili ili kupata kasi, kisha huyo! Watazamaji waliposimama vitini walikuwa wanajua kinachokuja, na mabeki pia walijua, lakini kujua na kuzuia ni mambo mawili.

La ajabu ni kwamba Princeton haikuwa na uwanja wa barafu wake yenyewe. Ziwa Carnegie lililo karibu na chuo likiganda, vizuri. Lisipoganda, shida. Mechi zao kubwa walizichezea New York, katika jumba la St. Nicholas lililotengeneza barafu kwa mitambo, safari ya treni kwenda na kurudi. Timu isiyo na uwanja nyumbani ndiyo iliyotwaa ubingwa wa vyuo mwaka wa 1912. Mwaka uliofuata taji likawaponyoka, na mwaka wa 1914, Hobey akiwa anamaliza masomo, wakahesabiwa tena kuwa mabingwa. Katika kandanda pia alikuwa nahodha mwaka wa 1913, akicheza bila kofia, nywele zake za rangi ya dhahabu zikionekana kutoka kila pembe.

Huko New York wenye jumba walikuwa wakiandika jina lake kwenye bango la mlangoni ili watu wajae. Yeye hakupenda hata kidogo, akaomba liondolewe. Wachezaji wa upande wa pili walimpiga kwa magongo, wakamkanyaga, lakini katika miaka yake yote ya chuo adhabu alizopewa na waamuzi zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vikabaki. Kila baada ya mechi alikwenda chumba cha wapinzani kuwapa mkono. Januari 1914 Princeton ilikutana na Harvard mjini Boston, mechi ikaenda muda wa nyongeza hadi zaidi ya dakika 70, watu hoi. Harvard ikashinda 2-1. Aliyefunga bao la mwisho ni Leverett Saltonstall, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa gavana wa Massachusetts na seneta.

Baada ya chuo Hobey aliajiriwa katika benki ya J.P. Morgan, New York. Kazi ya meza na karatasi ilimchosha. Jioni aliichezea klabu ya St. Nicholas bila malipo, na Wakanada wa Montreal walipotaka kumnunua alikataa, maana watu wa tabaka lake waliona kucheza kwa pesa ni aibu. Siku hizi tungemshangaa!

Dawa ya uchovu wake akaipata angani. Alijifunza kurusha ndege, na mwaka wa 1917 Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza akaenda Ufaransa. Alihesabiwa kuangusha ndege tatu za adui, Wafaransa wakamvisha nishani, na mwisho akakabidhiwa kikosi cha 141. Ndege za kikosi hicho zilipakwa rangi ya machungwa na nyeusi, rangi za Princeton.

Vita vikaisha tarehe 11 Novemba 1918. Tarehe 21 Desemba, Hobey akiwa na amri ya kurudi nyumbani mfukoni, alitaka kuruka mara ya mwisho pale Toul. Wenzake walimsihi asiende, kwani marubani waliogopa safari za kuaga. Ndege iliyokuwepo ilikuwa imetoka kutengenezwa, naye hakutaka kumwachia mtu mwingine aijaribu. Mvua ilikuwa inanyesha. Injini ikazimika kabla hajafika juu sana, ndege ikaanguka, na dakika chache baadaye akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka 26. Yamesemwa mengi kuhusu safari hiyo, hata kwamba hakuwa na hamu ya kurudi kwenye meza ya benki, lakini aliyejua moyo wake ni yeye mwenyewe.

Mwaka wa 1923 Princeton ilifungua jumba la barafu lenye jina lake, na hadi leo timu ya chuo huchezea humo. Mwaka wa 1945 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuingizwa katika orodha ya magwiji wa hoki huko Kanada. Na tangu mwaka wa 1981 mchezaji bora wa hoki katika vyuo vya Marekani hupewa tuzo ya Hobey Baker. Wa kwanza kuipokea alikuwa Neal Broten wa Minnesota.