Mtakatifu Thomas More na Malisho ya Vijiji

Wasomaji wetu wengi wamjua Mtakatifu Thomas More kwa kifo chake: jinsi alivyokatwa kichwa mjini London, tarehe 6 Julai 1535, kwa kukataa kumkiri mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa. Leo twapenda kumtazama katika jambo lisilosemwa sana, nalo ni ardhi ya wanavijiji.

Alizaliwa London mwaka 1478, mwana wa mwanasheria, naye akasomea kazi ya baba yake. Tangu mwaka 1510 alikuwa akiamua kesi za wenyeji wa mji ule. Siku zile sufu ilikuwa na bei nzuri. Mabwana wa ardhi walizungushia ua malisho yaliyokuwa ya kijiji kizima tangu zamani, wakageuza hata mashamba ya nafaka kuwa ya kondoo. Nyumba zilibomolewa, watu wakatangatanga na watoto wao, na walioiba kwa njaa waliweza kunyongwa.

Si kwamba sheria haikuwapo. Sheria ya Merton ya mwaka 1235 ilimruhusu bwana kutwaa sehemu ya malisho, mradi awaachie wapangaji wake huru ya kuwatosha. Lakini ni nani apimaye yatoshayo? Nayo sheria ya mwaka 1489, iliyokataza kubomoa nyumba za wakulima, iliwapa mabwana haki ya kumtoza mkosaji nusu ya mapato ya shamba. Na mara nyingi bwana na mkosaji walikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1516 More alitoa kitabu chake Utopia, kwa Kilatini. Humo, kwa kinywa cha msafiri wa kubuni, matajiri waliofukuza wakulima wanashtakiwa waziwazi, wala maabate hawafichwi. (Sisi mapadre tusilipite neno hilo upesi.) Mwaka uliofuata Kardinali Wolsey alituma wachunguzi mikoani, na wenye ua wengi wakashtakiwa. More akamrithi Wolsey katika cheo cha Chansela mwaka 1529, akajiuzulu mwaka 1532, akiwa na mali kidogo.

Mwaka 1549 wakulima wa Norfolk, wakiongozwa na Robert Kett, walibomoa nyua kwa mikono yao, wakashindwa kwa silaha. Kitabu cha More kilitokea katika lugha yao ya Kiingereza mwaka 1551.