Seroney: Naibu Spika aliyewekwa kizuizini kwa uamuzi wa kiti

JEAN-MARIE Seroney alikalia kiti cha Naibu Spika wa Bunge la Kenya kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Wengi waliokalia kiti hicho kwa muda mrefu kuliko yeye wamesahaulika. Yeye anakumbukwa kwa uamuzi mmoja mfupi alioutoa Oktoba 9, 1975, uliomnyima uhuru wake kwa zaidi ya miaka mitatu.

Siku hiyo Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alikuwa akichangia mjadala. Alionya kwamba wapo waliotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Clement Lubembe, aliyekuwa waziri msaidizi, alisimama kwa hoja ya nidhamu akitaka Shikuku athibitishe kwamba KANU imekufa. Macho yote yakageukia kitini. Seroney akaamua kwamba kwa taratibu za Bunge, na hata kwa akili ya kawaida, jambo lililo wazi halina haja ya kuthibitishwa, kisha akamruhusu Shikuku aendelee na hotuba yake.

Wapo waliouchukua uamuzi huo kuwa kejeli, na haikosi kejeli ndani yake. Hata hivyo, ulitolewa na mwanasheria. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali kwamba mambo fulani yanayojulikana na wote hayahitaji kuthibitishwa mahakamani. Hakimu hadai shahidi wa kuja kueleza kwamba jua huchomoza mashariki. Seroney aliichukua kanuni hiyo ya mahakama akaiingiza Bungeni. Swali ni iwapo kufa kwa chama ni jambo la aina hiyo. KANU ilikuwa chama tawala na pekee nchini tangu KPU ipigwe marufuku mwaka 1969, lakini haikuwa imefanya uchaguzi wa kitaifa wa viongozi wake tangu mkutano wa Limuru wa Machi 1966. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo lilitosha kumpa Naibu Spika msingi wa uamuzi wake, ingawa waziri naye alikuwa na haki ya kuona kwamba maoni ya kisiasa yamegeuzwa kuwa ushahidi.

Seroney alizaliwa mwaka 1927 katika nchi ya Wanandi. Alisomea Alliance High School na Chuo Kikuu cha Makerere, akaenda India katika Chuo Kikuu cha Allahabad, halafu Uingereza alikosomea sheria. Aliporejea alikuwa miongoni mwa mawakili wa kwanza kutoka jamii ya Wakalenjin. Uchaguzi wa 1961 ulimwingiza katika Baraza la Kutunga Sheria, naye alikuwa katika KADU, chama kilichotetea mfumo wa majimbo hadi kilipojivunja na kujiunga na KANU mwaka 1964. Baadaye alikuwa mbunge wa Tindiret.

Suala la ardhi lilimfikisha mahakamani mapema. Julai 1969 aliongoza kutolewa kwa Azimio la Nandi Hills, lililodai kwamba ardhi yote ya Nandi ni mali ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi na kutozwa faini. Azimio hilo halisomeki vizuri leo, baada ya damu iliyomwagika Bonde la Ufa mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007, na anayemsifu Seroney hana budi kulitaja pia.

Bunge jipya lilipokutana Novemba 1974, wabunge wasiokuwa mawaziri walimtaka awe Naibu Spika. Serikali haikumtaka. Rais Jomo Kenyatta akakiahirisha kikao hadi mwaka uliofuata, lakini ahirisho hilo halikubadili nia ya wabunge, na Februari 1975 Seroney akakipata kiti.

Mwezi uliofuata nchi ilitikisika. Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, maarufu kama JM, aliuawa na mwili wake ukapatikana katika milima ya Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, na ripoti yake ilipopigiwa kura mwezi Juni serikali ilishindwa. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu walifutwa kazi kwa kuiunga mkono. Kufikia Oktoba, basi, Bunge lilikuwa mahali pekee ambapo serikali ilikuwa ikijibishwa hadharani, na aliyeamua nani aseme na nani aketi alikuwa ni yule aliye kitini.

Jambo hili halikuwahusu wanasiasa wa Nairobi peke yao. Mchukue mkulima wa majani chai wa Kianjokoma, katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu. Mwaka 1975 hakuwa na kaunti, gavana wala seneta. Barabara ikiharibika kwa mvua na chai ikachelewa kufika kiwandani, njia yake ya kumfikia waziri hadharani ilikuwa mbunge wake asimame katika kipindi cha maswali. Enzi hizo mawaziri walikuwa wabunge, tofauti na ilivyo tangu uchaguzi wa 2013, na iliwabidi wasimame papo hapo na kujibu.

Jibu la kwanza la waziri huwa limeandikwa na maafisa wake. Utamu, au uchungu, uko katika swali la nyongeza. Hapo ndipo waziri aliyebanwa hudai muulizaji athibitishe anachodokeza, na asipoweza afute maneno yake. Kanuni hiyo ina kazi njema, kwani humlinda asiyekuwepo dhidi ya uzushi. Lakini ikitumiwa kwa kila neno lisilopendeza, hakuna swali litakaloishi hadi mwisho, maana mbunge wa mashambani hana faili wala maafisa wa kumtafutia hati. Ni aliye kitini anayepima iwapo dai la uthibitisho ni la haki au ni la kuziba mdomo. Uamuzi wa Seroney ulitolewa katika mjadala, lakini mzani ni huo huo.

Kanuni za Bunge zilitoa njia kwa asiyeridhika na uamuzi wa kiti: alete hoja rasmi na wabunge waijadili. Njia iliyofuatwa ilikuwa nyingine. Oktoba 15, siku sita baada ya uamuzi ule, polisi waliwakamata Seroney na Shikuku katika majengo ya Bunge na wote wawili wakawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma. Kenyatta akawaonya wabunge waliobaki kwa mfano wa mwewe aliye angani, akingoja kifaranga kitakachotoka njiani. Shirika la Amnesty International lilimtambua Seroney kuwa mfungwa wa dhamiri.

Kenyatta alifariki Agosti 1978. Desemba 12 mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliwaachilia mahabusu wote wa kisiasa, wakiwemo Seroney, Shikuku, George Anyona na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Shikuku alirudi Bungeni, akawa miongoni mwa waasisi wa FORD mwaka 1991, na akaishi hadi 2012. Seroney hakuipata bahati hiyo. Katika uchaguzi wa 1979 alishindwa Tindiret na Henry Kosgey, kijana aliyekuwa akiingia Bungeni kwa mara ya kwanza.

Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Seroney alifariki Desemba mwaka huo huo.