Musashi: Bingwa wa Vitara Aliyeshika Nyundo

Simi za wahunzi wa Kimbeere kule Kiambere, na za jirani zao Wameru, hazina kitu cha kuuzuia mkono usiteleze ukafika kwenye makali. Mpini hufungwa ngozi, na salama ya vidole huachiwa ustadi wa mwenyewe. Wajapani walifanya vingine. Baina ya mpini na bapa la kitara chao huvishwa bamba la chuma, aghalabu la mviringo, liitwalo tsuba. Kazi yake ni kuukinga mkono, lakini pia lilikuwa pambo: mtu alijichagulia nakshi yake, kama Mswahili wa Siyu au Lamu alivyojichagulia mpini wa jambia.

Kwa kawaida kazi hiyo ilikuwa ya mafundi maalumu. Lakini yuko mpiganaji mmoja mashuhuri ambaye husimuliwa kuwa alijitengenezea mabamba kwa mkono wake. Naye ni Miyamoto Musashi.

Alizaliwa yapata mwaka 1584, Japani ikiwa imechafuka kwa vita vya mabwana wakubwa. Baba yake alikuwa mwalimu wa silaha. Musashi mwenyewe aliandika kwamba alimshinda mtu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 13 tu. Baadaye akawa mtu wa kutangatanga, leo mji huu kesho ule, akitafuta wa kupambana naye. Kwa hesabu yake, alipambana zaidi ya mara 60 kabla hajatimiza miaka 30, asishindwe hata mara moja.

Pambano lililomvumisha zaidi ni la mwaka 1612, katika kisiwa kidogo karibu na Shimonoseki. Mpinzani wake, Sasaki Kojiro, alikuja na kitara kirefu. Musashi alikuja na upanga wa mti, ambao masimulizi yanasema aliuchonga kutokana na kasia. Kojiro akafa kwa pigo la mti huo.

Sifa ilienea, lakini moyo haukutulia. Alipofika miaka 30 alijihesabu, akaona kwamba huenda alishinda kwa kipaji tu, au kwa udhaifu wa wenzake, wala si kwa ujuzi uliokamilika. Akaendelea kujifunza mpaka yapata miaka 50.

Mwaka 1640 alipokewa Kumamoto na bwana wa huko, Hosokawa Tadatoshi. Jimbo hilo, wakati huo likiitwa Higo, lilisifika kwa mafundi wa tsuba. Musashi alichora kwa wino, alichonga mbao, na inasemekana alifanya kazi ya chuma. Bamba linalohusishwa naye zaidi lina matundu mawili makubwa, moja kila upande, na umbo lake huitwa namako, yaani jongoo bahari, yule yule ambaye wavuvi wetu humwokota na kumkausha. Uzuri wake ni wepesi wake. Wajuzi hubishana ni mabamba gani hasa yaliyotoka mkononi mwake, ila mafundi wameuiga mtindo huo kwa karne nyingi.

Mwaka 1643 aliingia katika pango la Reigando akaanza kuandika kitabu chake cha mafunzo, na humo akamfananisha mpiganaji na seremala anayezijua mbao zake. Alifariki mwaka 1645.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku raia kutembea na vitara. Elimu ya upanga ikabaki katika mchezo wa kendo, unaochezwa kwa fimbo za mianzi. Fimbo hizo nazo zina tsuba, ya ngozi au plastiki, na wapo wachezaji wanaojitengenezea wenyewe kwa mapenzi ya mchezo.

Kumtoa mtu roho kwa ajili ya kutafuta sifa si jambo la kuigwa. La kuigwa kwa Musashi ni lile la uzeeni: mkono uliozoea makali ulijifunza kutengeneza ile sehemu ya kitara isiyokata, iliyowekwa ili kumlinda mtu.